Mahali ya Rosaline, Mahari ya Rosaline

Siongei na kaka yangu Kizito. Mtu akiniuliza kwa nini, namwambia akamuulize mwenyewe, maana yeye ndiye anayejua sababu ya kila kitu chini ya jua. Mimi ni muuguzi tu, zahanati moja upande wa Cheptais. Yeye anafundisha mantiki katika chuo cha wahudumu wa kanisa, na mantiki, kwa wasiojua, ni elimu ya kufikiri. Watu wazima wanaketi darasani wanafundishwa na Kizito kufikiri. Haki ya Mungu!

Lakini hapa sitaki kusimulia habari zake, atavimba kichwa. Nataka kusimulia habari za Rosaline, mke wa marehemu ndugu yetu Walubengo. Aliyotendewa yaliniuma na bado yananiuma, na nikiyanyamazia nitapasuka.

Rosaline ni mtu wa Kitale. Baba yake, mzee Gichuki, ni wa wale Wakikuyu ambao wazazi wao walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, wakalima mahindi hadi wakasahau njia ya kurudi. Mama yake alikufa Rosaline akiwa bado msichana, na shangazi mmoja akamfundisha cherehani ili asikae bure akilia. Akaijua kweli kweli. Mpaka leo anashona sare za shule, na ukimuuliza kitu akiwa kazini anakujibu kwa nyusi, maana mdomo umejaa pini. Si mwongeaji. Hilo nalo lilimponza, kwa sababu katika boma letu mtu asipoongea, wengine humwongelea.

Alikutana na Walubengo kwa ajili ya suruali. Ndugu yangu alikuwa fundi wa mashine za kusaga unga. Siku hiyo alikuwa ameitwa Kitale kurekebisha moja, mkanda wa mashine ukamnasa suruali ukaipasua kutoka kiunoni hadi gotini. Akakimbilia kibanda cha cherehani kilichokuwa karibu, amejiziba kwa gunia. Rosaline akamtupia leso, akamwambia ageuke, akaishona. Walubengo akakaa pale na leso ya maua kiunoni, mashine ya watu ikangoja. Aliporudi nyumbani Lugulu alikuwa ameshaamua. Mama yetu, Mama Agneta, alipomuuliza msichana ni wa wapi, alijibu, "Wa Kitale, Mama. Anaitwa Losarin." Mama akasema hajawahi kusikia jina kama hilo tangu azaliwe.

Hapo inabidi niwaeleze jambo la kwetu, na nyinyi wa pwani msicheke. Sisi Wabukusu wa Bungoma, L na R kwetu hazina makao. Mtu anakula, mtu anakura; analala, anarara; inategemea ulimi umeamkaje. Wakikuyu nao wana ugonjwa uo huo, L kwao ni mgeni. Sasa weka Mbukusu na Mkikuyu nyumba moja uone. Mwaka wa kwanza wa ndoa Mama alimwambia Rosaline, "Jumapili iko kula kanisani, usikose." Alimaanisha kura, ya kuchagua wazee wa kanisa. Rosaline akaamka mapema akapika githeri, mahindi na maharagwe, sufuria nzima, akaingia nayo kanisani wakati mchungaji yuko katikati ya kuhesabu. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Githeri ikaliwa yote, na uchaguzi ukarudiwa wiki iliyofuata kwa sababu hakuna aliyekumbuka hesabu imefika wapi.

Kwa hivyo tulikuwa tunajua. Hilo ndilo linaloniwasha. Sote katika boma lile tulijua kwamba neno likitoka kinywani mwa mtu wetu, lazima uligeuze kwanza upande wa pili ulitazame.

Mahari ya Rosaline ilikwenda Kitale kidogo kidogo, mpaka ikabaki mtamba mmoja tu, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mzee Gichuki hakuwahi hata kumuulizia. Aliyekosa amani ni Mama Agneta. Kwetu, mke ambaye mahari yake haijakamilika, siku ya msiba watu humtazama kwa pembe ya jicho, na Mama hakutaka mkamwana wake atazamwe hivyo. Krismasi iliyopita, tukiwa mezani, ni Kizito mwenyewe aliyemwambia Walubengo, "Malizana na hilo jambo, ndugu yangu, Mama apate kulala." Alisema kwa kinywa chake, akitafuna kuku.

Basi Walubengo akaanza safari za mlimani. Anaamka kabla ya watoto, anawasha pikipiki, anapanda Kapsokwony, anarudi na matope magotini na hasemi alikuwa wapi. Rosaline, pini mdomoni, akaanza kukisia. Mwanamume anatoka bila neno, anarudi akitabasamu peke yake, ana nini huyo? Ana mwanamke. Hata mimi ningesema hivyo. Wakagombana. Siku moja Rosaline akapiga kelele ambayo boma zima liliisikia, "Kama ni hivyo, mimi narudi kwetu Kitale!" Huyu ni mtu ambaye hapigi kelele hata sindano ya cherehani ikimwingia kidoleni. Kesho yake Walubengo akapanda tena mlima. Wakati wa kurudi, katika ile miteremko ya Kapsokwony, pikipiki ikateleza kwenye changarawe, na ndugu yangu akafa hapo hapo barabarani.

Kabla ya kuanza kuteremka alikuwa amemtumia Kizito ujumbe wa sauti kwa simu.

Tukamzika. Ikafika siku ya kunyoa, ile siku baada ya mazishi ambapo jamaa hunyolewa nywele, kisha hukaa chini kuulizana mambo aliyoyaacha marehemu. Watu wamekaa uwanjani kwenye viti vilivyoazimwa kanisani, Rosaline chini kwenye mkeka na wasichana wake wawili. Kizito akasimama, akasema marehemu aliacha neno, akaweka simu juu ya meza. Tukaisikia sauti ya Walubengo, na pikipiki ikinguruma nyuma yake: "Kizito, sikiza. Mahali ya Losarin iko Kitale. Nikifika nitakuelezea vizuri."

Au alisema mahari? Mimi nimeisikiliza ile sauti kwa sikio la kulia na la kushoto. Ulimi unapita katikati, si L si R. Na Kiswahili chetu hakisaidii. Mtu wa Mombasa angesema mahali pa Rosaline pako Kitale, au mahari ya Rosaline iko Kitale, na tungeelewa mara moja. Kwetu kila kitu ni "ya" na kila kitu "iko". Kwa hivyo ama ndugu yangu alisema pa kukaa mke wake ni Kitale, ama alisema mahari ya mke wake imefika Kitale. La kwanza linamtoa Rosaline nyumbani. La pili linamfanya mke kamili, asiyeweza kusogezwa na mtu yeyote.

Kizito hakusikia mawili. Alisikia moja. Akaokota kipande cha makaa, akaenda kwenye mlango wa ghala, akaandika mbele ya wazee kama yuko chuoni.

"Tusiongozwe na machozi," akasema. "Tumesikia jambo, tuliite M. Tunatafuta sababu yake, tuiite S. Kama S, basi M. M tunayo. Kwa hivyo, huenda S. Hapa hatutoki kwenye sababu kwenda kwenye matokeo. Tunatoka kwenye matokeo, tunarudi kinyumenyume hadi kwenye sababu."

Mzee mmoja akasema amina.

"Lakini si kila S inafaa," Kizito akaendelea. "Bora ni ile inayoeleza yote tuliyoyaona, isiyogongana na tunayoyajua, na isiyoongeza kitu ambacho hakuna aliyekiona. Haya. Waligombana, tulisikia. Mama watoto alisema atarudi Kitale, tulisikia. Kesho yake marehemu ananiambia mahali pake ni Kitale. Sababu iliyo fupi na inayoeleza yote ni kwamba ndugu yetu alikubali arudi kwao."

Nikasimama. "Na kama alisema mahari?"

"Basi itabidi useme kuna mtamba aliyefika Kitale," akanijibu, taratibu, kwa ile sauti ya kumwonea mtu huruma. "Mtamba gani, Phelista? Nani amemwona? Wewe unaingiza ng'ombe kwenye hoja ili hoja isimame."

Wazee wakacheka. Siku ya kunyoa, mwenye msiba yuko pale kwenye mkeka, watu wazima wanacheka! 

Nikasema si ni rahisi, bana, mzee Gichuki apigiwe simu aulizwe. Lo, walivyonitazama! Ungedhani nimetema mate kwenye sufuria. Kwetu mambo ya ng'ombe wa mahari hayaulizwi kwa simu, hayaulizwi na mwanamke, na hayaulizwi matanga yakiwa bado. Wanaume huenda wenyewe, wakakaa, wakapewa chai, ndipo mdomo ukafunguliwa. Mzee Gichuki alikuja mazishini na hakusema lolote la ng'ombe, kwa adabu iyo hiyo. Kizito akasema hilo litaulizwa kwa wakati wake. Ng'ombe angoje. Lakini kufuli haikungoja! Jioni ile ile alifunga nyumba ya Walubengo, akatia ufunguo mfukoni, na Rosaline akahamia jikoni na watoto, pale kwenye moshi na kuku, "mpaka jambo lieleweke." Cherehani yake ikabaki ndani.

Neno "huenda" aliliandika, sikatai, niliona kwa macho yangu. Ila alipotoka pale mlangoni alikuwa ameshalisahau.

Na mnajua kinachonikera zaidi? Kizito hataki shamba la Walubengo. Ana lake, limejaa magugu. Angekuwa mwizi ningemwelewa, mwizi unamjua anataka nini. Huyu alitaka tu kuwa sahihi, na watoto wa marehemu ndugu yake walale na kuku ili yeye awe sahihi.

Asubuhi nilimfuata akiwa anapiga mswaki. Nikamwambia, "Kizito, kwetu zahanati mtoto analetwa anachemka. Mimi nakisia malaria, maana ndiyo tuliyoizoea. Lakini namdunga kidole kwanza, natazama kipimo. Kuna siku si malaria, ni kifua, na ningetegemea kukisia ningemuua mtoto wa watu. Wewe umepima nini?"

Akatema povu. "Wewe ni mtu wa dawa, Phelista. Mimi ni mtu wa hoja."

Ningekuwa na kitu mkononi ningemrushia.

Nikaenda jikoni. Rosaline alikuwa anachochea uji na hakugeuka. Kwetu mimi humwita mulamwa, ndilo neno letu la wifi na shemeji, na yeye huniita hivyo hivyo kwa ulimi wake wa Kitale. Nikasema, "Mulamwa, vaa viatu. Tunaenda kwa baba yako tukaulize."

"Siendi."

"Mbona?"

"Mimi nikienda Kitale, si nimemaliza kazi ya Kizito? Watasema mnaona, ameenda. Si tuliwaambia."

Alikuwa amesema kweli. Mtego wenyewe ulikuwa hivyo: akikaa, yuko jikoni, akitoka, ameshuhudia dhidi yake mwenyewe. Kisha akaweka mwiko chini, na hapo ndipo nikaona hakuwa analilia nyumba.

"Na nikikuta ni kweli?" akasema. "Phelista, mimi nilimpigia kelele. Nikamwambia aende kwa huyo mwanamke wake wa mlimani. Hakunijibu, akafunga tu viatu akatoka. Na kama alichoka na mimi kweli? Kama akienda kufa alikuwa amenitoa kwa roho yake? Nyumba waniwekee kufuli hata kumi. Hiyo ndiyo siwezi."

Tulilia sote wawili, mimi kwa hasira, yeye kwa hilo. Halafu nikamwambia atakwenda na mimi na atarudi na mimi, na atakayesema neno atanijua mimi ni mtoto wa nani. Watoto tukamwachia Mama Agneta. Mama hakuuliza tunakokwenda, alituangalia viatu akaelewa.

Mzee Gichuki tulimkuta shambani kwake nje ya Kitale akikagua mahindi. Alipotuona alivua kofia. Alimshika binti yake mkono, akatuingiza ndani, akaweka chai. Tukanywa. Tukaulizana mvua. Nikaona nikifuata adabu tutakesha hapo, nikasema, "Mzee, unisamehe. Mimi ni mwanamke na nimekuja kuuliza ng'ombe."

Akaweka kikombe chini. Nilidhani atanifukuza. Alisema tu, "Nimekuwa nikingoja wanaume wenu."

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na mtamba mweusi, tumbo lina baka jeupe, anakula majani ya mahindi bila habari na mtu.

"Huyu aliletwa na pikapu ya Kiptum kutoka Kapsokwony, asubuhi ya ile siku," mzee akasema. "Kiptum ndiye aliyemuuzia. Aliniambia kijana wako huyu ni msumbufu, amekuja kwangu mara nyingi, kila ng'ombe nikimwonyesha anakataa. Ati huyu miguu, ati huyu macho yake ni ya ukali. Alikuwa anatafuta mzuri. Pikapu ilipofika hapa, Walubengo akanipigia simu. Akaniuliza, 'Baba, mahari imefika?' Nikamwambia imefika. Akacheka sana. Akasema, 'Usimwambie Rosaline, nitamwambia mwenyewe jioni, amenikasirikia.' Ndiyo mara ya mwisho nimesikia sauti yake."

Kumbe ndiye huyo mwanamke wa mlimani!

Rosaline alimtazama yule mtamba. Nilingoja alie. Akaanza kumpiga kiganja mgongoni, si kwa nguvu, pa, pa, pa, huku akisema, "Mjinga! Mjinga huyu! Si angesema! Neno moja tu, Walubengo, neno moja! Mimi ningekungoja barabarani na chai!" Mtamba akasogea kando. Mzee Gichuki akageuka akatazama mahindi yake. Mimi nami nilimkasirikia ndugu yangu siku hiyo, marehemu na asinisikie, kwa siri zake za kiume zisizo na maana. Angalau moyo wa Rosaline ulikuwa umepata jibu lake, na niliuona mgongo wake ukinyooka.

Mzee akaingia ndani akavaa koti la Jumapili. Akasema anakuja na sisi.

Tulimkuta Kizito amekaa kivulini mwa ghala, Mama Agneta anachambua maharagwe mbele yake. Alipomwona mzee Gichuki alisimama kwa heshima, akamletea kiti, hilo nampa. Mzee akasema yote kama alivyotuambia, kuanzia Kiptum hadi simu. Hakuongeza, hakupunguza. Mama Agneta aliacha maharagwe. Aliposikia Walubengo alicheka, alifunga uso kwa kitambaa.

"Haya, mwalimu," nikamwambia Kizito. "Ulitaka kujua nani amemwona ng'ombe. Tumemwona, tumemshika, ametunyea karibu na viatu. Si wewe ndiye ulituambia sababu bora inaeleza yote? Yako inaeleza safari za mlimani? Inaeleza kwa nini alituma neno kwako na si kwa mke wake? Si ni wewe ulimwambia amalize mahari Mama alale? Na nyinyi huko chuoni si mnafundisha kwamba jambo la kukisia hurudishwa nyuma ukweli mpya ukija? Basi lirudishe."

Alifikiri. Huwezi kusema hakufikiri. Akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Huu ni ushahidi mzito," akasema. "Unaiinua sana ile dhana ya pili. Kama ni kupima, sasa imeipita ya kwanza. Lakini, Phelista, haithibitishi. Hoja ya aina hii haithibitishi kamwe. Mtu anaweza kupeleka ng'ombe asubuhi na bado saa sita akawa amekata tamaa na mke wake. Kwa hivyo tusikimbilie. Tuendelee kuchunguza."

Na jambo la kutia wazimu ni kwamba kimantiki hakukosea! Mtu anaweza. 

Rosaline ndiye aliyejibu. Alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, na alisema polepole, bila kelele.

"Shemeji, mimi sikusoma hiyo kitu. Lakini nimekusikiza. Unasema huenda alinifukuza. Sasa unasema huenda hakunifukuza. Kwa hivyo hujui."

"Kwa hakika kamili, hapana."

"Jana pia ulikuwa hujui."

"Kwa hakika kamili..."

"Ulikuwa hujui, shemeji. Sasa niambie. Kama wewe hujui na mimi sijui, mbona ni mimi niko jikoni? Mbona huenda yako imetoshea kunifungia nyumba, na huenda yangu haitoshei kuifungua?"

Kizito akatazama mlango wa ghala, pale alipoandika kwa makaa, ungedhani jibu limebaki hapo. Mzee Gichuki alikuwa anatazama ardhi. Kuku mmoja akapita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza.

Mama Agneta akajiinua, maharagwe yakamwagika. Akanyoosha mkono mbele ya mwanawe wa kwanza.

"Lete ufunguo."

"Mama, acha kwanza nifikirie namna ya..."

"Utafikiria ukishaleta. Mimi nimezaa watoto, nimezika mmoja, sasa wewe unanipigia hesabu ya ati S ati M? Lete!"

Akautoa mfukoni. Mama akampa Rosaline, kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake, akaanza kuokota maharagwe na kulia. Rosaline alifungua nyumba yake. Akaingiza watoto, akabeba blanketi zao kutoka jikoni, na mimi nikabeba sufuria. Tulisikia akifunua cherehani, akizungusha gurudumu kidogo kuona kama haijaharibika. Nikadhani amemaliza. Akatokea tena mlangoni.

"Shemeji Kizito. Ile sauti, nitumie."

"Ipi?"

"Ya bwana yangu. Nyinyi wote mmeisikiza mkitafuta maneno. Wewe ulikuwa unatafuta kosa langu, Phelista anatafuta ng'ombe, wazee wanatafuta sijui nini. Mimi ni mke wake na hakuna mtu amewahi kuniachia niisikize nikimlilia tu. Nitumie."

Akafunga mlango.

Kizito alibaki pale uwanjani na simu mkononi. Akabonyeza, akateremsha majina, akapandisha, akateremsha tena. Shingo ikamtoka jasho. Halafu akanisogelea karibu kabisa, akashusha sauti ili mzee Gichuki asisikie, akaniuliza namba ya Rosaline ni gani. Tangu aolewe katika boma letu, tangu githeri, tangu watoto wawili, hakuwa nayo. Hakuwahi kuwa nayo.

Nikamwambia akisie.